Mjukuu alinipa dawa tupu na akaniambia ni tupu, sasa sijui nimkasirikie nani

Wakuu, hebu niwaulize kwanza: mtu akikuletea dawa mkononi, halafu akuambie kwa mdomo yake mwenyewe, "Hii si dawa, ni unga na sukari, meza," wewe utameza ama utamrushia?

Salaam aleikum wale wa salaam. Na wale wa habari, habari yenu.

Mimi ni nyanya wa hapa Isiolo. Shule niliona mlango tu, mbuzi wakaniita nikarudi. Kwa hivyo siandiki. Naongea, simu inaandika, na mahali mtaona ujinga, huo ni wa simu.

Lakini maneno ni yangu, na nikiongeza chumvi hata kidogo, ulimi yangu ikauke. Na mkijua kazi yangu mtaona hicho si kiapo ya mchezo.

Kazi yangu ni maziwa ya ngamia.

Maziwa inatoka kwa wachungaji huko upande wa Leparua na Kipsing. Inakuja asubuhi na pikipiki, mitungi imefungwa huku na huku. Sisi wamama tunaipokea kando ya barabara, tunaikusanya, tunaipakia kwa basi inaenda Nairobi.

Mimi ndiye nafungua mtungi. Nanusa. Namimina kidogo kwa kifuniko, naweka kwa ulimi. Nikisema ingia, inaingia. Nikisema hapana, hata kama ni ngamia ya chifu, hiyo inakaa kando. Kwa sababu mtungi moja mbaya ikichanganywa na ingine, yote inaharibika njiani, na wale wa Nairobi wanapiga simu wanatutusi mpaka ukoo.

Na iko sheria. Mtungi inafunguliwa mbele ya yule ameileta, pikipiki ikiwa bado moto. Akishaenda, ukisema maziwa ni mbaya, atakuambia ni wewe umeiharibu. Na ako na haki.

Shikeni hiyo sheria, ndiyo ilitaka kunimaliza.

Sasa siku moja pikipiki ikakuja bila breki. Si ya Ekiru. Ekiru ndiye kijana anatuletea maziwa ya Leparua, huyo ni mtu mzuri na anaendesha na akili. Hii ilikuwa ya mgeni tu. Ilinipata nimekaa kwa kiti yangu. Mimi, kiti, mitungi, wote kwa mtaro. Nililala hapo naangalia mbingu, maziwa inanishuka kwa shingo, mkono umevunjika.

Mkono ilipona. Daktari alinipiga picha akasema mfupa imeshikana sawasawa. Akanipima presha akaona iko juu, akanipa dawa yake, nakunywa mpaka leo.

Lakini iko kitu haikupona, na hiyo haionekani kwa picha.

Nikisikia pikipiki, hata ikiwa mbali, roho inaruka kama mbuzi ameona fisi. Jasho. Kabla nijue, niko nyuma ya kibanda ya chai nimekumbatia nguzo.

Mimi! Mimi ambaye nimefukuza fisi na fimbo nikiwa na mimba ya miezi yote!

Nilisomewa dua, na nyumbani nilikuwa natulia, Alhamdulillahi. Barabarani miguu ilikuwa inakimbia yenyewe. Wamama wengine wananihurumia, wengine wanacheka. Wale wanacheka ni afadhali. Huruma inachosha.

Nikaanza kuonja maziwa nikiwa huko nyuma ya kibanda. Rafiki yangu Hawo ananiletea kwa kikombe. Siku moja nikasema hii imechacha. Kutoka nje, mwenye pikipiki alishaenda. Kupigiwa simu, akasema, "Mama, hiyo imechacha kwenu, mimi nililetea nyinyi maziwa nzuri." Kelele ikawa kubwa mpaka watu wa basi wakashuka kuangalia.

Mwenyekiti wetu, Mama Talaso, akaniita kando.

"Akko," akasema, hiyo ndiyo nyanya kwa Kiborana, "Ramadhani inakuja. Unajua vile watu wanataka maziwa ya kufungulia. Mimi siwezi na hii kelele kila siku. Kama mwezi ukionekana na wewe bado uko nyuma ya kibanda, Hawo atafungua mitungi."

Hawo!

Wakuu, Hawo nampenda, tuliolewa mwaka moja. Lakini pua yake imekaliwa na ugoro tangu ujana. Huyo hawezi kutofautisha maziwa na maji ya kufulia. Mkimpa mtungi mmezika kikundi.

Na mimi nikitolewa hapo ninabaki nani? Nyanya wa kukaa nyumbani kufukuza kuku kwa unga. Hapana. Nilienda nyumbani nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Hapo ndipo mjukuu wangu Qabale akakuja likizo. Ni mtoto wa kijana yangu mkubwa, anasomea uuguzi Nairobi. Nimemlea mimi, kwa hivyo ako na mdomo kama yangu, tofauti ni yeye anaongezea Kizungu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Jioni yake akatoa chupa ndogo kwa begi, ndani vidonge nyeupe.

"Akko, nimekuletea kitu ya ile kushtuka."

"Ni dawa?"

"Hapana. Inaitwa placebo. Ni tupu, ndani ni unga na sukari. Walimu wetu wanatufundishia nayo."

"Si umesema ni ya kushtuka?"

"Ndiyo, ni ya kushtuka."

"Na ni tupu?"

"Ni tupu."

Nilimwangalia huyu mtoto. Nikasema moyoni, Nairobi wamemharibu kichwa na sisi tumelipa.

"Qabale, nikikuuzia maji nikuambie, hii ni maji lakini kunywa ushibe kama maziwa, utanunua?"

Akacheka. "Akko, wewe ukiwa nje kwa boma, na ndani watu wanakaanga buna ya kahawa kwa samli, mate haitoki?"

"Inatoka."

"Umeshakula hiyo buna?"

"Bado iko kwa moto."

"Sasa nani ameambia mate itoke?"

Nachukia sana mtu akinishinda na buna yangu mwenyewe.

Akasema ni hivi: tangu utoto mtu anameza dawa, halafu anatulia. Mwili inazoea. Mwishowe hata kule kushika kidonge na kumeza, mwili inajua kinachofuata, inaanza kutulia yenyewe, hata kama kichwa inajua ndani hakuna kitu.

Ati chuoni wamefundishwa kuna watu wanapewa hii tupu, wanaambiwa wazi ni tupu, wanaelezwa vile inaweza kusaidia. Halafu wanaonyeshwa picha mbaya mbaya, ajali, damu, na kichwa imefungwa waya ya kusoma vile ubongo inashtuka. Ubongo inashtuka, ndiyo, lakini inapoa kuliko ya wale hawakuelezwa kitu.

"Kwa hivyo si kusema tu naona afadhali," akasema. "Hata hiyo waya inaona."

"Na hao watu wanakubali kuketi waangalie ajali?" nikauliza. "Wawaambie wakuje hapa barabarani, sisi tunaangalia bila waya."

Halafu akawa mkali kidogo. Akasema hii haiponyi ugonjwa. Haishikanishi mfupa, haiteremshi presha. "Ya presha ya daktari usiache hata siku moja, Akko, ukiacha nitajua. Hii ni ya kushtuka peke yake. Na pengine haitakusaidia."

Pengine! Wakuu, duka gani inauza pengine?

Nilimeza na hasira. Nawaambia ukweli, nilimeza ndiyo nimuaibishe. Nilitaka nimeze, isifanye kitu, nimwambie rudi huko uwaambie walimu wako Akko wa Isiolo amewakataa.

Kila asubuhi nakaa chini. Nashika kidonge naiambia, "Wewe ni tupu, nakujua." Nameza na maji. Halafu Qabale ananishika mkono tunaenda barabarani polepole, siku ya kwanza mbali, siku ingine karibu kidogo. Yeye haongei mingi hapo. Ni maajabu, kwa sababu nyumbani hanyamazi.

Mara ya kwanza hakuna kitu. Pikipiki moja, mimi kibandani. Nikafurahi! Nikamwambia, "Unaona?"

Akasema, "Kesho."

Kesho pia, kibandani. Akasema, "Kesho." Huyo mtoto ni kichwa ngumu, sijui ametoa wapi.

Halafu asubuhi moja nilikuwa nimesimama nagombana na Hawo. Nilikuwa namwambia kama anataka kazi yangu kwanza afungue pua. Yeye ananijibu. Katikati ya maneno, akanyamaza akaniangalia.

"Mama Guyo," akasema, hivyo ndivyo ananiita, "imepita."

"Nini imepita?"

"Pikipiki."

Nikageuka. Kweli, vumbi ilikuwa bado hapo.

Sitadanganya, roho ilikuwa imeruka, niliisikia. Lakini iliruka ikarudi ikakaa. Miguu haikuenda mahali.

Mnafikiri nilifurahi? Nilikasirika vibaya sana! Kwa sababu kama imefanya kazi, basi si tupu. Na kama si tupu, basi huyu mtoto amenidanganya, ameniwekea kitu ndani.

Nikafunga shuka nikaenda duka ya dawa mjini. Mwenye duka ni Mmeru, kijana mpole, tunamwita Mwenda. Nikaweka kidonge kwa meza.

"Hii ni nini?"

Akaigeuza. Akaivunja, akanusa. Akaniuliza imetoka wapi, nikamwambia. Akauliza jina yake, nikamwambia vile Qabale alisema.

"Aaa. Shosho," akasema, hiyo ni nyanya kwao, "kama ni hiyo, hakuna dawa ndani."

"Una uhakika?"

"Hiyo jina maana yake ni hiyo. Ni tupu."

"Lakini inanifanyia kazi."

"Ni vizuri, Shosho."

"Si vizuri! Sasa wewe, uko na yenye nguvu kuliko hii?"

"Yenye nguvu ya nini?"

"Tupu, lakini yenye nguvu."

Wateja waliokuwa kwa foleni nyuma yangu walianza kukohoa, na najua kikohozi ya kicheko. Mwenda akaweka mikono kwa meza akasema pole pole, "Shosho, nikikuuzia hakuna kitu, halafu nikuuzie hakuna kitu kubwa, serikali itanifungia duka."

Nikachukua nusu zangu mbili za kidonge nikaenda. Hata kuaga sikuaga.

Kumbe shida yenyewe ilikuwa mbele. Ramadhani.

Kidonge nameza asubuhi kabla ya kwenda barabarani. Ramadhani asubuhi nimefunga. Sasa?

Nikaenda kwa Maalim Dida, nikamkuta nje ya msikiti anavaa viatu.

"Maalim, dawa inafungua saumu?"

"Ya kumeza inafungua, Akko. Lakini kama ni mgonjwa uko na ruhusa, kula, utalipa siku ingine."

"Mimi si mgonjwa hivyo. Na hii si dawa."

"Ni nini?"

"Unga na sukari."

"Basi hiyo ni chakula."

"Si chakula, ni ya kushtuka."

"Basi ni dawa."

"Mjukuu amesema si dawa."

Maalim akavua kiatu ile alikuwa amevaa. Akakaa kwa ngazi.

"Akko, nani amekutuma kwangu leo?"

Nikamwambia asinikasirikie, amkasirikie Qabale. Nikamkumbusha sisi wamama wa maziwa kila Ramadhani tunaonja na kutema, na yeye mwenyewe alitukubalia.

"Hiyo ni haja ya kazi," akasema, "na mnatema. Hii yako utatema?"

"Nikiitema itafanya kazi?"

"Mimi nitajua aje? Hata ukimeza sielewi inafanya aje kazi!" Alikuwa amepaza sauti, mpaka watu wa udhu wakageuka. Akajirudi. "Meza wakati wa daku, pamoja na ile ya presha, baada ya kuuliza daktari wako juu ya hiyo ya presha. Maliza maneno. Nenda na amani."

Daktari alisema ya presha sawa, daku ni sawa. Lakini hiyo ingine ikanitia wasiwasi. Daku ni kabla ya adhana ya alfajiri. Pikipiki zinafika jua ikiwa imeshachoma.

"Qabale," nikasema, "si mpaka hapo itakuwa imeisha nguvu?"

Alicheka mpaka akakaa chini.

"Akko, kitu hakuna itaisha aje?"

Nilitafuta kiatu nimpige. Alikuwa ameshatoka.

Basi mwezi ukaonekana. Asubuhi ya kwanza ya saumu nikaenda. Kiti yangu ilikuwa imewekwa mbele, kando ya barabara kabisa. Mama Talaso amesimama nyuma yake. Na Hawo kando, amejitanda shuka nzuri, ameosha pua, ako tayari.

Qabale alitaka kunishika mkono. Nikamwambia kaa huko. Nikakaa peke yangu.

Nikasikia Ekiru kutoka mbali. Nilijua ni yeye, pikipiki yake inalia kama inakohoa. Roho ikapanda. Jasho ikatoka hapa kwa shingo, mahali ile maziwa ilinishukia. Nikashika kiti na mikono mbili, na nikasema kwa sauti, wamama wote walisikia, "Nimemeza. Ni tupu. Nimemeza."

Msiniulize maana yake. Ndiyo ilitoka.

Pikipiki ikasimama mbele yangu, moto yake naisikia kwa mguu. Na mimi niko kwa kiti. Wakuu, niko kwa kiti!

Ekiru akafungua kamba. "Shosho, habari ya saumu?"

"Leta mtungi, wacha maneno."

Nikafungua. Nikanusa. Nikamimina kwa kifuniko, nikaweka kwa ulimi, nikatema kando.

"Hii imechanganywa na ya jana."

"Aah, Shosho! Nimeichukua leo, naapa."

"Wewe umeichukua leo. Ngamia alikamuliwa lini?"

Akachukua kifuniko akanusa mwenyewe. Akanusa tena. Halafu, bila kubishana, akabeba ule mtungi akauweka kando, kwa zile za kugandishwa ziwe susa. Pikipiki yake ilikuwa bado moto. Hakuna mtu angesema imeharibikia kwetu.

Mama Talaso alisukuma mtungi ya pili mpaka mbele ya miguu yangu.

Hawo akafungua shuka akakaa chini. "Alhamdulillahi," akasema, "mimi pia nilikuwa naogopa hiyo kazi." Mwone huyu! Na vile amenisumbua!

Sasa msiende mkasema nyanya amepona kabisa. Pikipiki ikipiga ule mlio kama bunduki, bado naruka. Pengine ni kidonge. Pengine ni kule kutembea na mjukuu kila asubuhi. Pengine ni siku tu zimepita, hata Qabale mwenyewe amesema hawezi kuapa. Ndiyo hiyo pengine yake.

Lakini nimejifunza kitu. Hofu si aibu, na haiulizi umri. Mwili iko na mazoea yake kama ngamia, ukijua mahali imezoea kupita unaweza kuigeuza. Na dawa ya daktari usiiache kwa sababu nyanya wa mtandao ameongea, nitawakana mbele ya watu.

Kwa wale wako na elimu humu, nielezeni, na mnieleze bila Kizungu mingi: inawezekana aje mtu kujua kitu ni tupu na bado imtulize? Na kama iko mtu imemtokea, aseme. Wale wa kucheka, chekeni, hamtamshinda Hawo.

Maana Hawo ndiye aliniwekea swali ya mwisho. Alisema, "Huyo mtoto ni mjinga. Angekudanganya ni dawa kali ya Nairobi, ungemeza bila kelele na ungepona haraka."

Nikaona ni kweli. Siku Qabale anarudi chuo, akiwa anapanga nguo kwa begi, nikamuuliza. "Kwa nini hukunidanganya tu? Ungetupunguzia kelele yote hii. Maalim saa hii akiniona anavuka barabara."

Aliacha nguo. Hakucheka.

"Akko," akasema, "wewe na Babu mlidanganywa. Wote kwa hii boma walijua ugonjwa yake, hata mimi nikiwa mdogo nilijua. Nyinyi wawili mliambiwa ni vidonda vya tumbo. Mkawa mnapanga kwenda Biliqo kuona ngamia. Mlipanga mpaka wiki ile alikufa."

Hiyo ni ya marehemu mume wangu, na mimi nilikuwa sijawahi kusema hiyo maneno na mtu. Hata hapa nasema kwa sababu hamnioni.

Akakuja akakaa kwa kitanda kando yangu, akashika ule mkono uliovunjika.

"Siku ikifika uwe na ugonjwa ambayo haina dawa," akasema, "mimi ndiye nitakuja kukuambia. Hata kama baba amekataa, hata kama boma yote imekataa. Nitapanda gari, nitakaa hapa, nitakuambia na mdomo yangu, halafu tutaenda Biliqo mapema. Hiyo, Akko, nimekuahidi."